UZI: Alvin Roth, mchumi aliyeikuta nadharia ikifanya kazi hospitalini, na tunachokosa tunapohesabu manukuu peke yake

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilikaa na rafiki yangu, mhadhiri wa chuo kimoja ambacho sitakitaja, tukijaza fomu yake ya kupandishwa cheo. Kuna kisanduku kimeandikwa idadi ya kunukuliwa, yaani makala zako zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine, na kingine cha h, namba inayopima wingi wa makala na kunukuliwa kwake kwa pamoja. Miaka kumi na moja ya kufundisha, kukesha na takwimu, kutembea vijijini na dodoso, yote ilitakiwa iingie kwenye visanduku viwili vyenye upana wa kidole. Alijaza, akanyamaza, akaniuliza: "Hivi namba hizi zinasema nimefanya nini?"

Sikuwa na jibu pale pale. Nimelifikiria tangu siku ile, na kila nikifikiria narudi kwa mtu mmoja. Naomba mnivumilie, uzi utakuwa mrefu.

Alvin Roth alizaliwa New York mwaka 1951. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu wa sekondari, wakifundisha taipu na hatimkato. Yeye mwenyewe sekondari hakuimaliza. Alikuwa anahudhuria masomo ya wikiendi Columbia, na Columbia ikamchukua bila cheti cha sekondari. Akamaliza shahada mwaka 1971, si ya uchumi bali ya utafiti wa uendeshaji, ile hesabu ya kupanga kazi, foleni na mashine. Akaenda Stanford kwa udaktari. Huko akafeli mmoja wa mitihani ya kufuzu. Angeweza kuishia hapo, lakini mwalimu aitwaye Robert Wilson akakubali kumsimamia. Mwaka 1974 akapata udaktari akiwa na miaka 22, akaanza kufundisha Illinois. (Huyo Wilson naye alipata Nobel mwaka 2020 pamoja na mwanafunzi wake mwingine, Paul Milgrom. Mwanafunzi wake mwingine tena, Bengt Holmström, aliipata 2016. Watu wa namna hiyo hawana kisanduku chao kwenye fomu zetu.)

Kazi zake za mwanzo zilikuwa za kawaida katika nadharia ya michezo, ile hesabu ya maamuzi ambapo matokeo yako yanategemea na mwenzako anafanya nini: namna watu wawili wanavyopatana bei, ni masharti gani patano la haki linapaswa kutimiza. Kitabu chake cha 1979 kilihusu hayo. Ni kazi safi, ila kama angeishia pale nisingemfungulia uzi.

Kilichombadilisha ni makala ya watu wengine. Mwaka 1962 wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, walichapisha makala ya kurasa saba katika American Mathematical Monthly, jarida linalosomwa zaidi na walimu na wanafunzi wa hesabu. Kichwa chake kwa Kiswahili ni kama "Udahili wa Vyuo na Uthabiti wa Ndoa". Walionyesha kwamba ukiwa na kundi la wanaume na kundi la wanawake, kila mmoja akiwa na orodha yake ya anaowapenda kwa mpangilio, ipo njia ya kuwaoanisha pasibaki watu wawili ambao wangependa kuwaacha wenzao wakimbiliane. Hakuna milinganyo humo. Mwishoni waandishi wenyewe wanasema hoja yao haitumii alama za hesabu, haidai ujue kalkulasi, na kwamba karibu hata kuhesabu huhitaji kujua.

Makala hiyo ilikaa miaka mingi ikisomwa kama fumbo zuri la hesabu. Kisha Roth akaenda kuchunguza jinsi madaktari wapya wa Marekani wanavyopangiwa hospitali. Akakuta shirika linalowapanga limekuwa likitumia, tangu mwaka 1952, utaratibu ambao ukiuchambua unatoa matokeo yale yale ya Gale na Shapley. Miaka kumi kabla ya makala! Watu wa hospitali walifika hapo kwa kujaribu na kukosea. Roth aliandika hayo mwaka 1984, na nchi mpya ya utafiti ikafunguka.

Nitaendelea kadiri mtakavyouliza.

#2

Uzi umeenda shule, mkuu. Ila kuna sisi wa mwendo wa pole. Huo utaratibu wenyewe ukoje? Tuelekeze kama unamwelekeza mtu dukani.

#3 – Mleta uzi

Vizuri umeuliza. Kiswahili kimetupa neno linalofaa kabisa: posa. Utaratibu wote ni wa kupeleka posa na kuiweka kiporo.

Chukua wahitimu watatu wa udaktari: Asha, Baraka na Chausiku. Hospitali ni tatu, kila moja ina nafasi moja: Mjini, Bandarini na Mlimani.

Asha anapenda Mjini, kisha Bandarini, kisha Mlimani.
Baraka anapenda Mjini, kisha Mlimani, kisha Bandarini.
Chausiku anapenda Bandarini, kisha Mjini, kisha Mlimani.

Hospitali nazo zina orodha zao. Mjini wanamtaka Chausiku, kisha Baraka, kisha Asha. Bandarini wanamtaka Asha, kisha Chausiku, kisha Baraka. Mlimani wanamtaka Asha, kisha Baraka, kisha Chausiku.

Sasa wahitimu wanaposa. Asha na Baraka wote wanabisha hodi Mjini, Chausiku anakwenda Bandarini. Mjini wanamkataa Asha na kumshika Baraka, lakini hawamwambii "umepata". Wanamwambia "subiri". Hapo ndipo penye siri yote. Asha aliyekataliwa anapeleka posa Bandarini. Bandarini walikuwa wamemshika Chausiku, ila Asha wanampenda zaidi, kwa hiyo wanamwachia Chausiku na kumshika Asha. Chausiku anakwenda Mjini. Mjini wanampenda kuliko Baraka, Baraka anaachiwa. Baraka anakwenda Mlimani, nafasi ipo, anapokelewa. Hakuna tena wa kuposa. Sasa ndipo viporo vinakuwa ndoa: Asha Bandarini, Baraka Mlimani, Chausiku Mjini.

Kagua. Baraka angependa Mjini, lakini Mjini wamempata Chausiku waliyemtaka kuliko wote. Chausiku angependa Bandarini, lakini Bandarini wana Asha. Hakuna wawili wanaoweza kukonyezana wakavunja mpango. Mpango wa namna hiyo ndio unaoitwa thabiti.

Linganisha na njia ambayo wengi wetu tungeifikiria kwanza: anayekuweka chaguo la kwanza ukimpenda, mpe moja kwa moja, mambo yaishe. Mjini inamchukua Baraka. Bandarini inamchukua Chausiku. Asha kakataliwa Mjini, Bandarini pameshajaa, anaishia Mlimani. Halafu kesho yake Bandarini wanagundua Asha, waliyemtaka kuliko wote, yuko Mlimani na hana raha. Simu inapigwa. Mpango umekufa.

Na mwakani Asha wa mwaka huo ataambiwa na wakubwa zake: "Usijaze Mjini kwanza, utakosa vyote." Ataanza kudanganya kwenye fomu. Katika utaratibu wa posa za kiporo, anayeposa hana haja ya kudanganya. Kusema ukweli ndiyo mbinu bora, na hilo lina uthibitisho. Kwa pande zote mbili kwa pamoja haiwezekani. Roth alithibitisha mwaka 1982 kwamba hakuna utaratibu thabiti unaofanya ukweli uwe mbinu bora kwa kila mtu wa kila upande.

#4

Mimi ni daktari, niko Marekani, na hicho unachokieleza nimekipitia mwenyewe. Hapa wanaita Match. Unafanya usaili kwenye hospitali kadhaa, halafu unaingiza orodha yako kwenye mtandao kwa mpangilio. Siku ya kufunga orodha nilikaa na simu ya mezani pembeni, nimeweka karatasi mbili, moja ya moyo na moja ya hofu. Ya moyo ilikuwa na hospitali kubwa juu kabisa ambayo niliona hawatanichukua. Mshauri wangu akaniambia maneno machache tu: weka unachokitaka, kukiweka juu hakukupunguzii kitu huku chini. Sikumwamini. Nikaweka hivyo hivyo huku natetemeka.

Jumatatu ya wiki ya matokeo unaambiwa tu kama umepata mahali au hukupata. Mahali penyewe unangoja mpaka Ijumaa, Machi, nchi nzima kwa wakati mmoja. Chuoni kwetu ilikuwa bahasha. Mama alikuwa kwenye simu kutoka Tanga, anasikia makelele tu ya watu wanaolia na kucheka, anauliza "vipi, vipi", na mimi bahasha siwezi kuichana. Nilipata chaguo la tatu. Leo ndiyo najua kwa nini mshauri alikuwa sahihi. Asante sana kwa uzi.

#5 – Mleta uzi

Daktari, umenifurahisha kuliko unavyodhani. Mshauri wako alikuambia uthibitisho wa hesabu kwa sentensi moja tu.

Na sentensi hiyo ina historia. Miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilikuwa zinashindana kuwawahi wanafunzi. Nafasi zikawa zinatolewa hadi miaka miwili kabla ya mtu kuhitimu, bado hata haijulikani atakuwa daktari wa namna gani. Kuanzia 1945 vyuo vikakubaliana kutotoa taarifa za wanafunzi kabla ya tarehe fulani. Tatizo likahamia mbele: sasa ni telegramu. Hospitali inakupa nafasi na kukutaka ujibu upesi, wewe unataka kusubiri hospitali unayoipenda zaidi, wao hawataki kusubiri kwa sababu wanaofuata kwenye orodha yao wanachukuliwa. Muda wa kufikiri ukafupishwa mwaka hadi mwaka, ikafika mahali mtu anatakiwa kujibu papo hapo.

Ndipo ukaja mpango wa pamoja. Utaratibu wa kwanza uliofanyiwa majaribio ulikuwa na kasoro ile ile ya mfano wangu: ukiweka juu hospitali usiyoipata, unajiumiza. Walioligundua walikuwa wanafunzi wenyewe, wakiongozwa na kijana wa Harvard aitwaye Hardy Hendren, ambaye baadaye alikuwa daktari bingwa maarufu wa upasuaji wa watoto. Wakapinga, utaratibu ukabadilishwa, na mwaka 1952 ukaanza kazi. Wanafunzi wale hawakuandika makala yoyote ya nadharia ya michezo. Hakuna anayewanukuu.

Roth hakuishia kwenye "tazama, inafanana". Alijiuliza: je, uthabiti ndio ulioufanya mpango udumu, au ni bahati tu? Akaenda Uingereza, ambako tangu miaka ya 1960 kila mkoa ulijitungia utaratibu wake wa kuwapanga madaktari wapya. Ni kama maabara iliyojijenga yenyewe. Edinburgh na Cardiff walitumia taratibu thabiti, zikadumu. Newcastle na Birmingham walitumia zisizo thabiti, zikaachwa, kwa sababu wanafunzi na hospitali walianza kupatana pembeni kabla ya kujaza fomu. Kulikuwa na mbili zisizo thabiti zilizodumu, Cambridge na London Hospital, na hakuzificha. Makala ilitoka 1991. Baadaye, pamoja na John Kagel, akazileta taratibu hizo kwenye maabara na kuwaweka watu wacheze, aone kama hali ile ile itajirudia.

Kwangu mimi hapa ndipo ukubwa wake ulipo. Uthibitisho wa Gale na Shapley ulikuwa kamili tangu 1962. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuuliza Newcastle nini kilitokea.

#6

Nakuelewa mleta uzi, lakini niruhusu nipinge kidogo. Mimi niko kwenye kamati za namna hiyo. Tukiondoa idadi ya kunukuliwa tutabaki na nini? Tutabaki na kujuana. Huyu mtu mzito unayemtaja naye ananukuliwa maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo namba zilimtambua. Tatizo liko wapi?

#7 – Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na naiheshimu, hasa hapo kwenye kujuana. Sisemi namba zitupwe. Nasema tuzisome.

Kipimo cha h kilitungwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mtu ana h ya 10 akiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Maana yake h yako haiwezi kuzidi idadi ya makala zako. Mwanahisabati John Nash, msingi wa mchango wake katika nadharia ya michezo uko kwenye makala chache sana za mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ile ya msawazo (hali ambayo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili mbinu yake peke yake), ya mwaka 1950, haizidi kurasa mbili za jarida. Kwa kazi hiyo alipata Nobel mwaka 1994. Mpeleke kwenye kamati yako na h ya kazi hizo peke yake, uone.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Wazo likishakuwa mali ya wote, watu wanaacha kulinukuu. Leo mtu anaandika "msawazo wa Nash" na hatoi rejea yoyote, kama vile hatoi rejea kwa neno "asilimia". Kwa hiyo kilele cha mafanikio ya wazo ni pale hesabu inapoacha kuliona.

Sasa mrudie Roth. Ukitazama kazi zake zinazonukuliwa sana, utakuta kitabu cha kuoanisha alichoandika mwaka 1990 na Mbrazili Marilda Sotomayor, mwongozo wa uchumi wa majaribio aliouhariri na Kagel mwaka 1995, na makala alizoandika na Ido Erev kuhusu jinsi watu wanavyojifunza wanaporudia mchezo ule ule. Zote ni kazi kubwa. Vitabu vya marejeo vinanukuliwa sana kwa sababu kila anayeanza utafiti anapita hapo. Lakini makala moja ya 1982, kurasa sita tu katika jarida la makala fupi, ilithibitisha kwamba katika utaratibu fulani wa kubadilishana vitu visivyogawanyika, kama nyumba, hakuna anayefaidika kwa kusema uongo. Nyumba! Nani angeijali? Makala hiyo ndiyo ikawa mmoja wa misingi ya jambo ambalo limewapa watu uhai, nalo nitalieleza mtu akiuliza.

Namba ya mwaka wa tatu baada ya kuchapishwa ingekuambia nini kuhusu kurasa sita zile? Na fomu zetu zinauliza hasa miaka mitatu.

#8

Nauliza mimi, na nina sababu. Mdogo wangu yuko kwenye kusafisha damu, mara tatu kwa wiki. Mumewe alijitolea figo, wakapimwa, haikuendana. Ndilo hilo jambo?

#9 – Mleta uzi

Pole sana dada yangu, Mungu ampe mdogo wako nguvu. Ndiyo, ndilo hilo.

Hali ya mdogo wako ndiyo mwanzo wa hadithi. Mke ni kundi la damu B, mume ni A, anataka kumpa figo na haiwezekani. Mahali pengine kuna mke wa kundi A na mume wa kundi B, nao wamekwama. Ukiwakutanisha, mume wa kwanza anampa mke wa pili, mume wa pili anampa mke wa kwanza. Hakuna hela inayopita. Tatizo ni kuwajua, na kuwapanga wakiwa mamia, wengine wana kingamwili zinazokataa figo nyingi.

Mwaka 1974 Shapley na Herbert Scarf walikuwa wameandika kuhusu watu wenye nyumba wanaotaka kubadilishana bila fedha. Kila mtu anamnyooshea kidole mwenye nyumba anayoitaka; lazima vidole vitafanya mduara mahali fulani; wa mduara wanabadilishana na kuondoka; waliobaki wananyoosha tena. Roth alipohamia Pittsburgh mwaka 1982 mji ule ulikuwa kituo kikubwa cha upandikizaji wa viungo, na darasani, badala ya nyumba, akawa anatolea mfano figo. Wakati ule ulikuwa mfano tu wa ubaoni. Mwaka 2004, pamoja na Waturuki wawili, Tayfun Sönmez na Utku Ünver, akachapisha makala kamili ya kubadilishana figo.

Madaktari bingwa wakawaambia ukweli wa chumba cha upasuaji. Huwezi kumlazimisha mtu kisheria kutoa figo. Kwa hiyo mke wangu akishapokea leo, mimi nikaghairi kesho, yule mwenzangu ameshatoa figo yake, mkewe hajapata kitu, na hana tena figo ya kubadilishia. Lazima zote zifanyike kwa wakati mmoja. Jozi mbili ni upasuaji nne. Jozi tatu ni sita. Mduara wa jozi kumi haupangiki. Wachumi wakarudi mezani, wakaandika upya kwa jozi mbili mbili, kisha wakaonyesha kwamba ukiruhusu hadi tatu unapata karibu faida yote. Programu ya kwanza walioshiriki kuijenga, ya majimbo ya New England, ilianza kwa msaada wa daktari Francis Delmonico.

Halafu likaja wazo la mnyororo. Akitokea mtu anayetoa figo bure bila kuwa na mgonjwa wake, anampa mgonjwa wa kwanza, mwenzi wa huyo anampa wa pili, na kuendelea. Hapa si lazima kwa wakati mmoja, kwa sababu kila jozi inapokea kabla ya kutoa. Akighairi mtu, inauma, lakini hakuna aliyetoa figo yake akabaki mikono mitupu. Mwaka 2007 daktari Michael Rees wa Toledo, Ohio, aliuanzisha mnyororo wa namna hiyo, na taarifa yake ya mwaka 2009, ambayo Roth ni mmoja wa waandishi, ilieleza upandikizaji 10 kutoka kwa mtu mmoja aliyeanza.

Kwa hapa kwetu upandikizaji ulianza Muhimbili mwaka 2017. Kuhusu mdogo wako, waulize madaktari wake wa figo moja kwa moja, wao ndio wanaojua taratibu na sheria zilivyo sasa. Usiache kuuliza.

#10

Tumuombee mgonjwa. Mkuu, mbona hii ya posa inanikumbusha TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu vya Tanzania? Wakati wetu tulikuwa tunaomba vyuo sehemu moja. Sasa hivi mdogo wangu ameomba vyuo vitatu, kote kachaguliwa, akawa anangoja tarehe ya kuthibitisha.

#11 – Mleta uzi

Umegusa penyewe. Kati ya 2010 na 2017 maombi yalipita kwenye mfumo wa pamoja wa TCU. Tangu 2017 mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, na akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja anathibitisha kimoja. Fikiria nafasi tatu zimeshikwa na mdogo wako kwa muda wa majuma kadhaa. Ni haki yake, hana kosa. Lakini kuna watoto wawili mahali fulani wanangoja awamu inayofuata kwa sababu ya viti hivyo. Ndiyo telegramu za miaka ya 1940, ila zimekuja kwa SMS.

Sisemi mfumo wa pamoja wa zamani ulikuwa bora. Wa pamoja nao unategemea unapanga kwa utaratibu gani. New York ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 90,000 kila mwaka wanaoingia sekondari. Wengine walipata barua kadhaa, wengine hawakupata hata moja, na karibu 30,000 waliishia kupangiwa shule ambazo hawakuziorodhesha kabisa. Roth, Parag Pathak na Atila Abdulkadiroğlu walisaidia kuweka posa za kiporo. Mwaka wa kwanza, 2004, waliopangiwa nje ya orodha zao walishuka hadi karibu 3,000.

Natamani kijana mmoja wa uchumi hapa nyumbani aichukue udahili wetu kama Roth alivyoichukua Newcastle: aombe takwimu, akae na maofisa udahili, aulize viti hukaa kiporo siku ngapi. Hiyo ni shahada ya uzamivu inayongoja mtu.

#12

Upande wa pili nao usemwe. Madaktari wa Marekani waliwahi kushtaki kwamba mpango huo unawabana mishahara.

#13 – Mleta uzi

Ni kweli, kesi ilifunguliwa 2002, na mwaka 2004 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuulinda mpango. Na wapo wachumi waliotumia nadharia hii hii ya michezo, Jeremy Bulow na Jonathan Levin mwaka 2006, kuonyesha kwamba mshahara uliotangazwa kabla, bila kumwangalia mtu, unaweza kushusha malipo. Utaratibu unapanga nani aende wapi. Malipo ni vita nyingine, na madaktari wana haki ya kuipigana.

#14

Shikamoo mleta uzi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nimekaa na mfano wako wa #3 tangu jana. Nimegeuza, hospitali ndizo zipose. Mjini inaposa kwa Chausiku, Bandarini kwa Asha, Mlimani kwa Asha. Asha anashika Bandarini, Mlimani inakwenda kwa Baraka. Matokeo ni yale yale. Halafu nikamtoa Baraka na Mlimani, nikabaki na wawili wawili. Wahitimu wakiposa, Asha anapata Mjini na Chausiku anapata Bandarini, kila mmoja chaguo lake la kwanza. Hospitali zikiposa, ni kinyume, kila hospitali inapata chaguo lake. Kwa hiyo anayeposa ndiye anayefaidi? Na Baraka, mbona Mjini hakuipata lakini alipokuwepo aliwaharibia wenzake? Nimekosea mahali?

#15 – Mleta uzi

Marahaba. Hujakosea popote, na umefika mwenyewe kwenye ugomvi wa mwaka 1995.

Wanafunzi wa udaktari Marekani waligundua kwamba katika mpango wao hospitali ndizo zilikuwa zinaposa. Wakasema: tumeonewa miaka yote. Roth akaombwa kuusanifu upya, akafanya kazi hiyo na Elliott Peranson. Waliugeuza, waombaji wakawa waposaji, na pia wakauwezesha kuwashughulikia mume na mke wanaotaka mji mmoja, jambo ambalo Roth alishaonyesha mwaka 1984 kwamba linaweza kufanya pasiwepo mpangilio thabiti hata mmoja. Ulianza kutumika kwa matokeo ya 1998.

Walipozipitisha orodha halisi za miaka iliyotangulia kwenye taratibu zote mbili, wakakuta tofauti inamgusa mwombaji kama mmoja kati ya elfu. Nadharia ilisema tofauti inaweza kuwa kubwa, kama kwenye wawili wawili wako. Orodha halisi zilisema ni ndogo mno. Sehemu ya sababu huenda umeishika mkononi tayari: ni Baraka. Soko la kweli limejaa akina Baraka, watu wanaobisha hodi mahali ambapo hawatapata, na kila hodi inamsogeza mtu mwingine.

Sasa mwongeze Daudi, aliyeoana na Chausiku, wanataka hospitali ya mji mmoja. Ongeza na hospitali ya nne, uipange mjini au nje ya mji upendavyo. Tafuta orodha zitakazofanya posa zizunguke bila kutulia. Ukizipata, zilete hapa, nitakuwepo jioni.